Jinsi ya Kupika Harira, Supu ya Wamoroko, Nyumbani

Jua linapotua katika mwezi wa Ramadhani, harira huwa mezani karibu katika kila nyumba ya Moroko, pamoja na tende, mayai ya kuchemsha yaliyonyunyiziwa chumvi na bizari nyembamba, na shebakia, yaani vitafunio vya unga vilivyokaangwa, vikachovywa katika asali na kunyunyiziwa ufuta. Huliwa pia miezi mingine, hasa wakati wa baridi. Wengi wanaoijaribu kwa mara ya kwanza huhangaika sana na viungo, ilhali kazi yenyewe imo katika mambo mawili: kulainisha dengu na adesi kabla nyanya hazijaingia, na kutia unga mwishoni kwa mkono wa taratibu. Hayo nitayaeleza kwa kirefu.

Mahitaji kwa watu 6 hadi 8

Tayarisha gramu 300 za nyama ya kondoo au ya ng'ombe iliyokatwa vipande vidogo, gramu 150 za dengu kavu (zile nene za rangi ya maziwa), gramu 100 za adesi, ambazo Kenya huitwa kamande, kilo 1 ya nyanya zilizoiva sana, vitunguu maji 2, mashina 3 ya selari pamoja na majani yake, fungu moja la kotimiri na fungu moja la pasili. Viungo ni kijiko kimoja cha chai cha tangawizi ya unga, kimoja cha manjano, kimoja cha pilipili manga, nusu kijiko cha mdalasini, na nyuzi chache za zafarani ukiwa nazo. Utahitaji pia kijiko kikubwa cha samli, vijiko vikubwa 2 vya nyanya ya kopo, gramu 100 za unga wa ngano, gramu 50 za tambi nyembamba, chumvi na malimau. Wamoroko hutumia smen, siagi iliyotiwa chumvi na kuhifadhiwa hadi ikapata harufu kali. Samli nzuri ya ng'ombe huishika nafasi hiyo vizuri.

Pasili isipopatikana, ongeza kotimiri. Selari, kwa upande wake, usiiache, kwa sababu harufu yake ndiyo inayoitofautisha harira na mchuzi wowote wa nyanya. Majani yake yana ladha kuliko mashina, yakate yote.

Hatua ya 1: Kuloweka dengu

Loweka dengu usiku kucha katika maji mengi, kwani hunenepa karibu maradufu. Asubuhi zisugue kwa viganja ndani ya maji hadi maganda yaachie, kisha yamwage yanapoelea. Kazi hii huchosha, lakini dengu zilizomenywa huiva haraka zaidi na huifanya supu iwe laini mdomoni. Ukitumia dengu za kopo, zitie pamoja na nyanya katika hatua ya 3.

Hatua ya 2: Nyama, viungo na dengu

Weka sufuria kwenye moto wa wastani, tia samli, vitunguu vilivyokatwa vidogo sana, nyama, selari, nusu ya kotimiri na pasili, na viungo vyote. Koroga kwa dakika 10 hivi hadi vitunguu vilainike na nyama ibadilike rangi. Usiikaange hadi ikawa ya kahawia, kwa kuwa ladha inayotakiwa hapa ni ya nyama iliyoiva polepole ndani ya majimaji ya vitunguu. Ongeza lita 1.5 ya maji na dengu, engua povu linapopanda, kisha funika na uache ichemke kwa moto mdogo kwa saa moja.

Adesi huiva upesi, kwa hiyo zitie dengu zinapokaribia kulainika. Chukua dengu moja uiminye kwa vidole: ikipasuka lakini bado ina kiini kigumu, wakati umefika. Acha zichemke pamoja kwa dakika 20. Nyanya zisiingie kabla ya hapo, kwa sababu uchachu wake huzuia ganda na kiini cha dengu kulainika, na unaweza kuchochea moto saa nzima bila kuona mabadiliko.

Hatua ya 3: Nyanya

Saga nyanya, zichuje mbegu na maganda, kisha zimimine sufuriani pamoja na nyanya ya kopo, lita 1 ya maji ya moto na chumvi. Acha zichemke kwa dakika 30 hadi 40, hadi harufu ya nyanya mbichi iishe kabisa.

Hatua ya 4: Unga na tambi

Mchanganyiko wa unga na maji huitwa tadwira, na ndio unaoifanya supu hii iwe harira. Changanya unga na mililita 500 za maji baridi, uchuje mabonge yote. Baadhi ya nyumba huuacha mchanganyiko huo ulale hadi uchachuke kidogo. Nami naupendelea hivyo, kwa kuwa ukali wake hupunguza utamu wa nyanya.

Kabla ya kumimina, ukoroge tena, maana unga hutuama chini. Supu iwe inachemka polepole. Mkono mmoja umimine kwa uzi mwembamba, mwingine ukoroge kwa mwiko unaofika chini kabisa ya sufuria, kwa sababu unga hupenda kushika chini, na ukiungua, harufu ya moshi huenea katika supu nzima. Simama supu inapofikia uzito wa uji mwepesi, hata kama tadwira haijaisha. Endelea kuchemsha kwa dakika 10 ili ladha ya unga mbichi itoke, ukikoroga mara kwa mara na kuengua povu jeupe. Zikibaki dakika 5, tia tambi. Wapo wanaozitangulizia kabla ya unga, lakini kukoroga kwingi huzikatakata.

Hatua ya 5: Kupakua

Nyunyiza kotimiri na pasili iliyobaki, onja chumvi, kisha pakua ikiwa ya moto pamoja na vipande vya limau, kila mtu akamue kadiri apendavyo. Limau lisitiwe sufuriani.

Harira iliyolala huganda, kwa kuwa tambi na dengu huendelea kunywa maji. Ihifadhi kwenye friji kwa siku 2 au 3, na unapoipasha ongeza maji ya moto kidogo kidogo, moto ukiwa mdogo, huku ukikoroga hadi chini.