Jinsi ya Kuitazama Supernatural Misimu Yote 15

Anza na episodi ya kwanza kabisa, ile ya Septemba 2005, hata kama rafiki amekwambia uruke moja kwa moja hadi malaika wanapoingia. Ukiruka hutajua kilichobadilika, na kwangu mimi utamu wa tamthilia hii ya Marekani uko hapohapo: ndugu wawili, Sam na Dean, wanaanza kwa kuwinda mizimu ya vijijini na kuishia kupambana na Mungu mwenyewe, episodi 327 baadaye.

Weka daftari karibu. Usiandike muhtasari, maana visa vyenyewe utavisahau na si hasara. Kila msimu andika mambo mawili tu: pepo anauawa kwa kitu gani, na hawa ndugu wanalala wapi.

La kwanza ndilo lenye mengi. Mwanzoni silaha zao ni vitu vya nyumbani: chumvi inamwagwa kizingitini na madirishani, nondo ya chuma, kiberiti cha kuchomea mifupa ya marehemu asiyetulia. Pepo hafi. Anasomewa Kilatini hadi atoke, na aliyepandwa anaweza kufa humohumo. Karibu na mwisho wa msimu wa kwanza inapatikana bastola ya Colt inayoweza kuua hata pepo, risasi zake za kuhesabu, na kila mtu anaitaka. Msimu wa pili ukianza tu, baba yao anampa pepo bastola hiyo ili Dean apone. Ona ilivyo ghali! Msimu wa tatu kinakuja kisu cha kuulia mapepo cha Ruby, naye mwenyewe ni pepo. Wa nne, mwaka 2008, wanaingia malaika, na baadaye panga zao zinazagaa mikononi mwa kila mtu. Mapepo wanaanguka wawili watatu koridoni na hakuna anayeshtuka. Tulipofika huko mdogo wangu aliniuliza, "Dada, kwani siku hizi mapepo wamekuwa walinzi wa getini?" Aliona sawasawa. Hofu haikupungua kwa sababu tumezoea. Ilipungua kwa sababu kuua kumekuwa rahisi.

Kifo nacho ni hivyohivyo. Mwisho wa msimu wa pili Dean anaiuza roho yake njia panda ili Sam afufuke. Mtu aliyekua akisikia habari za njia panda hahitaji kuelezwa kwa nini ni pale. Wengine hupewa miaka 10. Yeye anapewa mmoja, na msimu wa tatu wote unabanwa na huo mwaka. Baadaye wanakufa na kurudi, wanakufa na kurudi, hadi waandishi wanatafuta pengine pa kukutia wasiwasi: siri. Kuanzia hapo fuatilia nani anamficha nduguye nini.

Kuhusu malazi, misimu saba ya kwanza ni moteli zaidi, kila chumba na pambo lake la ukutani. Katikati ya msimu wa nane, mwaka 2013, wanapata handaki la Men of Letters, chama cha siri cha wasomi wa mambo ya mizimu na mapepo, huko Lebanon, Kansas, lenye maktaba na jiko. Dean anapata chumba chake na kupanga silaha zake ukutani. Tamthilia ya barabarani inakuwa tamthilia ya nyumbani, na shida sasa nyingi zinabisha hodi zenyewe.

Jua pia nani ameshika usukani. Eric Kripke aliongoza misimu mitano, na hadithi aliyoipanga inafungwa vizuri na episodi ya "Swan Song" mwaka 2010. Pumzika kidogo hapo. Wa sita na wa saba ni wa Sera Gamble, na naona analaumiwa kwa kuonewa. Kiama kimeshazuiwa, utamleta adui gani tena? Alichofanya ni kuwanyang'anya ndugu hawa tegemeo zao, Bobby, mwindaji mzee aliyekuwa kama baba kwao, anakufa na gari lao linafichwa, ili wawe wanyonge tena. Jeremy Carver akachukua wa nane hadi wa 11, kisha Andrew Dabb na Robert Singer wakamalizia. Wa 12, wa wale wawindaji wa Uingereza, upite haraka.

Usiruke episodi ya "Baby" ya msimu wa 11. Adui wa msimu huo ni dada yake Mungu, huwezi kwenda juu zaidi, na ndipo waandishi wanarudi kwenye gari lao, Impala ya 1967: kila kitu tunakiona kutoka garini. Wanakula humo, wanalala humo, wanamzungumzia baba yao.

Kabla ya kumaliza, fahamu kwamba upigaji picha ulisimama Machi 2020 kwa ajili ya korona, na episodi mbili za mwisho zilipigwa baada ya kurejea. Ndiyo maana ile ya mwisho, ya Novemba 19, ina watu wachache. Walioichukia walitaka vita vikubwa, na vita hivyo vimekwisha episodi iliyotangulia. Basi episodi ya 19 na ya 20 za msimu wa 15 zitazame usiku mmoja, bila kulala katikati.