Somo: Kuangua atemia kwenye chupa ya maji kwa ajili ya vifaranga wa samaki wa mapambo

Ukiona vifaranga wako wa gapi au beta wanapungua kila asubuhi, na maji umeyapima hayana shida, angalia kwanza unawalisha nini. Kifaranga wa siku tatu huwinda kinachotikisika. Chenga za unga haziwindi. Zinazama, zinaozea chini, na maji yanachafuka kabla yeye hajashiba.

Dawa yake ni atemia, ndugu wa mbali wa uduvi anayeishi kwenye maji ya chumvi kali. Mayai yake hukaa makavu miaka kadhaa bila kufa, kisha yakilowa huanguliwa ndani ya siku moja. Sehemu kubwa ya mayai yanayouzwa duniani hutoka Great Salt Lake, jimbo la Utah, Marekani. Hata kwetu wapo: miaka ya 1980 walipandikizwa kwenye mashamba ya chumvi ya pwani ya Kenya, kaskazini ya Malindi, wakastawi.

Vifaa. Chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu. Kata kitako, acha kizibo kimekazwa, igeuze kichwa chini na uisimamishe ndani ya chupa nyingine uliyoikata juu. Pampu ndogo ya hewa na mpira wake. Jiwe la hewa, lile linalochomekwa mwisho wa mpira, usiweke; viputo vyake vidogo hunata kwenye mayai na kuyapandisha ukutani, yanakaukia huko. Pampu yenyewe iweke juu kuliko usawa wa maji, la sivyo siku umeme ukikatika maji ya chumvi yatarudi kwa mpira mpaka ndani ya pampu, na hapo umeshanunua nyingine.

Maji. Lita moja ya maji yaliyolala usiku kucha, chumvi gramu 25 hadi 30. Kwa chumvi laini hiyo ni kijiko cha chakula kimoja na nusu, kilichosawazishwa. Chumvi ya mawe pima kwa mizani, kwa sababu kijiko chake hudanganya. Wengi wanaogopa chumvi ya dukani yenye madini joto, lakini mayai huanguliwa nayo bila shida. Ongeza bikaboneti kidogo, kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Nasema ile ya kuumulia mandazi, wala si hamira. Atemia hapendi maji yenye uchachu.

Mayai. Robo kijiko cha chai. Najua inaonekana kama kitu cha kuchezea, lakini gramu moja ina mayai kama laki mbili hadi laki tatu. Mimina, fungulia hewa mpaka maji yachemke chini juu na yai lolote lisipate nafasi ya kutulia chini, kisha washa taa karibu. Mwanga wa saa za mwanzo, mayai yakishalowa, ndio unaoyaamsha. Ukiyaweka kabatini usinilaumu.

Joto linalofaa ni nyuzi 26 hadi 28. Dar, Tanga na Mombasa hiyo ni sebule ya kawaida.

Kuvuna. Kwenye saa ya 18 hivi utaanza kuona vitu vinavyoning'inia chini ya maganda kama mwavuli. Bado hao. Ni kiinitete kilichotoka kwenye ganda ila kingali ndani ya utando wake. Subiri mpaka saa ya 24, chupa ikiwa imegeuka rangi ya machungwa. Zima hewa, funika sehemu ya juu ya chupa kwa kitambaa cheusi, elekeza tochi kwenye sehemu ya chini. Atemia hufuata mwanga. Maganda matupu yataelea juu, mayai yaliyokataa yatalala kwenye kizibo, na katikati utapata wingu la machungwa linalochezacheza. Dakika kumi zinatosha. Ukizidisha, wanakosa hewa na kufa wakiwa wamesongamana. Vuta kwa mpira mwembamba, tupa tone la mwanzo lenye mayai mabovu, kisha chuja kwenye kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana. Suuza kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, lisha.

Na hapa ndipo wengi wanapopoteza faida. Atemia aliyetoka sasa hivi hana mdomo unaofanya kazi, anaishi kwa kiini alichozaliwa nacho, na hicho kiini ndicho chakula unachomtafutia kifaranga. Baada ya kama saa nane anajivua ngozi. Sasa ni mkubwa zaidi, ana mbio, amekuwa mweupe, na mafuta yake ameshayatumia mwenyewe. Ukiangua kijiko kizima Jumamosi ukalisha mpaka Jumatano, hiyo Jumatano unalisha mifupa mitupu. Kwa hiyo tumia chupa mbili: moja anzisha leo, nyingine kesho, kila moja na mayai kidogo. Ziada ya mavuno weka friji ndani ya maji yale yale ya chumvi, kwenye chombo kipana chenye maji ya kina kifupi. Baridi inawapunguzia kasi ya kula kiini chao. Itumie ndani ya siku moja.

Lisha mara mbili au tatu kwa siku. Kipimo ni matumbo ya vifaranga: yakiwa ya machungwa, basi. Kwenye maji yasiyo na chumvi atemia huishi saa chache tu, kisha hufa na kuozesha tangi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mfugaji wa Mbeya: Mkuu, saa 30 zimepita sijaona kitu. Nimeuziwa mayai mabovu?

Inawezekana, ila Mbeya kwa msimu huu ningeshuku baridi kwanza. Chini ya nyuzi 20 yanajikokota, hata siku mbili na zaidi. Weka chupa kwenye ndoo ya maji yenye hita ya tangi, au ndani ya boksi lenye balbu ya zamani inayotoa joto. Ikifika siku ya pili katika nyuzi 27 na hakuna anayecheza, hapo mdai mwenye duka. Angalia pia wanavyoyahifadhi: mayai ya kupimwa kwenye mfuko uliofunguliwa hunyonya unyevu wa hewani, huanza kuamka, kisha hufa. Yakifika kwako funga kwenye chupa kavu, weka friji.

Kijana wa Kisauni: Mimi bahari iko hapo. Nikichota maji yanafaa?

Yanafaa sana. Bahari ina kama gramu 35 kwa lita, kwa hiyo changanya vikombe vitatu vya bahari na kimoja cha bomba. Chota mbali na mitaro ya maji machafu, chuja kwa kitambaa. Bikaboneti huhitaji.

Mama Gapi: Huku umeme ni wa kubahatisha, pampu nitaiweka wapi?

Dada, tumia sinia. Maji ya chumvi kina cha sentimita mbili tu, mayai machache sana yasambae juu. Uso mpana wa maji ndio utakaoleta hewa. Mavuno ni madogo kuliko ya chupa, na utangoja zaidi, ila kwa mizao miwili ya gapi utatosheka.

Tangi la Ilala: Maganda yakiingia ni hatari? Nimesikia watu wanayayeyusha kwa jiki.

Kifaranga mdogo anaweza kuzibwa utumbo, ndiyo. Jiki inafanya kazi, lakini mchanganyiko unapata moto, mayai huungua usipokuwa mwepesi, na kuna wanaomwaga siki juu ya jiki ambayo haijasuuzwa wakavuta gesi ya klorini. Kwa anayeanza, tochi na subira vinatosha. Ukirudia kutenganisha mara ya pili kwenye glasi, maganda yanabaki ya kuhesabu.

Ndoo ya Buguruni: Kaka, kwa nini mzunguko wote huu? Viluwiluwi vya mbu vipo bure uani.

Samaki wakubwa wanavipenda kweli, sikatai. Lakini kwa kifaranga wa siku mbili kiluwiluwi ni mkubwa kuliko mdomo wake. Halafu kwenye joto letu, wiki moja na siku kadhaa yai limeshakuwa mbu anayeruka. Mbu wa dengue anazaa kwenye ndoo safi kama hiyo yako, na Dar dengue ya 2014 na ya 2019 tunaikumbuka. Ukiikuta ndoo tayari ina viluwiluwi, chuja vyote leo uwape samaki, kisha ifunike. Kuvifuga makusudi uani penye watoto, mimi simo.

Mpemba wa Unguja: Ustadh, nina wale samaki wa madimbwi ya masika, dume mkia mwekundu. Wanaanguliwa wadogo mno, watakula?

Kama ni Nothobranchius guentheri wa hapo Unguja, watakula atemia siku hiyo hiyo ya kwanza. Midomo yao ni mipana kuliko unavyodhani. Mayai yao nayo hukaa kwenye udongo wenye unyevu kwa miezi. Kwa hiyo anzisha chupa ya atemia kwanza, na kesho yake, ikianza kugeuka rangi ya machungwa, ndipo umwagie maji udongo wako.