Fundi anavuka Tunduma: panga malipo yake hivi

Nimeshika mishahara ya watu miaka kumi na moja hapa Mbeya, na simu ninayopigiwa na wenye karakana na malori ni ile ile: "Dada, napeleka fundi Ndola, Zambia, miezi minane, nimwongezee shilingi ngapi?" Huwa namwomba asitaje kiasi chochote kwanza. Atafute karatasi ya mshahara wa huyo fundi.

Tuseme ni 1,200,000. NSSF inaondoka na 120,000, kodi ya mshahara kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 ni 152,000, mkononi zinabaki 928,000. Mkalishe fundi, na mkewe akiwepo ni bora zaidi, muone pesa hiyo inakwendaje: pango la Uyole, ada, pesa ya mama yake kule Rungwe, akiba, kisha matumizi ya kila siku. Mambo ya nyumbani hayahamii Ndola, kwa hiyo pesa yake iendelee kuingia hapa hapa kwa shilingi, tarehe ile ile. Kinachovuka mpaka ni fungu lake mwenyewe la chakula, sabuni, nauli na vocha. Tuchukulie ni 250,000.

Je, fungu hilo likifika Ndola linanunua nini? Hapa wengi hukisia, na mimi niliwahi kukisia. Nilimpangia fundi mmoja posho nikiwa mezani kwangu, bila kuuliza bei hata moja. Mwezi wa pili akanipigia usiku: anakula mlo mmoja kwa siku ili mke asipungukiwe. Sauti ile sijaisahau.

Tangu hapo natumia orodha ya vitu ishirini. Nampigia dereva anayelala huko, ananipigia picha za bei: mfuko wa unga wa kilo 25, mafuta, kapenta (dagaa wa huko), mkaa, sabuni, nauli ya mjini. Wiki hiyo hiyo napita soko la Mwanjelwa hapa Mbeya na orodha ile ile. Jumla ya Ndola ikiwa mara 1.4 ya Mbeya, 250,000 inakuwa 350,000, na ile 100,000 ya juu inatoka kwa kampuni. Mshahara wa msingi hauguswi.

Katika barua ya kazi andika kiwango cha kubadilisha fedha ni cha benki ipi na cha siku gani, wala usitegemee bei ya vijana wa mpakani. Kipitie upya kila miezi mitatu. Novemba 2023 jirani yetu Malawi ilishusha thamani ya kwacha yake (siyo ile ya Zambia), dola ikatoka karibu 1,180 hadi 1,700 kwa mkupuo. Aliyekuwa analipwa kila kitu kwa kwacha hiyo aliumia bila kosa lolote.

Nyumba ya huko kampuni imlipe mwenye nyumba moja kwa moja. Ukimpa fundi taslimu atalala karakana, pesa aitume nyumbani. Nimeyaona, na simlaumu.

Kodi inataka umakini. Mwenye makazi ya kudumu hapa Tanzania, akiwa nchini hata siku chache za mwaka huo, kisheria ni mkazi, na mkazi hutozwa kwa mapato yake ya popote duniani. Zambia nayo inaweza kudai yake. Nchi hizi mbili zina mkataba wa kuzuia kutoza mara mbili, kwa hiyo mwone mshauri wa kodi kabla fundi hajafunga begi. Kwenye barua weka wazi: fundi atabeba kodi ile ambayo angeilipa angebaki Mbeya, ziada ni ya kampuni. Michango ya NSSF isikatike.

Kibali cha kazi, matibabu na nauli ya kuja kuona familia ni vya mwajiri, havitoki kwenye posho.

Mwisho, andika siku posho zinapokoma: siku anaporipoti tena Mbeya. Na kama wenzake waliobaki walipandishiwa mshahara, wake uwe umepanda nao tangu tarehe hiyo hiyo.