Kumlisha mgonjwa wa kansa akiwa kwenye kemo, na maswali ya kumuuliza daktari

Jamani, hakuna chakula kinachoua kansa. Kazi ya chakula ni kumpa mgonjwa nguvu amalize dozi ya kemo, yaani zile dawa kali za kuua seli za kansa, maana akikonda sana au damu ikishuka daktari anaahirisha dripu na ugonjwa unapata nafasi. Kwa hiyo wale wanaomnyima mgonjwa nyama, mayai na maziwa eti vinalisha kansa, wakamshindisha na juisi ya beetroot tu, wanamuumiza hata kama nia yao ni nzuri.

Mpe kidogo kidogo kila baada ya masaa mawili matatu, usimwekee sahani imejaa atachoka kuiangalia tu. Uji wa ulezi tia maziwa na siagi ya karanga, mayai yachemke mpaka yakauke, dagaa, maharage, parachichi. Karanga zichague vizuri, zenye ukungu tupa kabisa, ile sumukuvu yenyewe inaleta kansa ya ini. Kama ana kichefuchefu pikia mbali naye na umpe chakula kilichopoa, harufu ndo inamsumbua. Akiwa na vidonda mdomoni asukutue na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, pilipili na ndimu weka pembeni kwanza.

Sasa kinga, hapa msifanye mchezo. Kwa kemo nyingi seli nyeupe zinashuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Nunua kipimajoto, ikifika 38 nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane, usimpe panadol ukasubiri kukuche. Maziwa yachemshwe, matunda bora yale ya kumenya kama ndizi na chungwa, na mwenye mafua asije kumsalimia. Mlonge, majani ya mstafeli na unga wowote wa virutubisho wa dukani mwambieni daktari kabla ya kutumia, vingine vinagongana na dawa, hata balungi linagongana na baadhi ya vidonge.

Halafu kuna hizi tiba mpya za kinga, zile zilizowapa wanasayansi James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel mwaka 2018. Kansa inakanyaga breki ya kinga ya mwili, dawa inaiachia ili kinga ifanye kazi yake. Wapo zimewasaidia sana ila sio kila kansa inasikia, na bei ni kubwa mno, so kabla hamjaanza kuchangisha kwenye grupu la familia muulizeni daktari: majibu ya kinyama (kile kipande kilichokatwa kwenye uvimbe kikapimwe) yanasemaje, na kuna kipimo kinachoonyesha dawa hii itamfaa? Kwa kansa ya matiti ulizeni kipimo cha HER2 (protini inayokuwa nyingi kwenye baadhi ya kansa za matiti) na cha homoni, maana vinaonyesha kama trastuzumab, dawa inayolenga hiyo HER2, au vidonge vya homoni vitamfaa. Na akianza tiba ya kinga, kuharisha, kikohozi au kubanwa kifua, hata miezi kadhaa baadaye, ripotini haraka, inawezekana kinga imeanza kushambulia mwili wenyewe na inatibika ikiwahiwa.