Ukiwa Torino, Barolo isubiri nyama

Mdogo wetu alipomaliza shahada, tulimpeleka mgahawani na taji lake la majani kichwani, wanavyovishwa wahitimu wa Italia. Tulikuwa saba. Kwa furaha tukaagiza chupa ya Barolo, mvinyo mwekundu wa mkoa huu wa Piemonte, hata mkate haujafika. Funda la kwanza tu, ulimi ukanikauka kama niliyeuma bibo bichi. Tukatazamana. Pesa imeshatoka, na kitu hakinyweki.

Baadaye ikaja brasato, nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole ndani ya mvinyo hadi inachambuka kwa uma. Tukaonja tena kilichobaki, ule ukakasi hatuuoni. Nyama ilikuwa imeutuliza. Zabibu za Nebbiolo zinazotengeneza Barolo ni kali kwa asili, ndiyo maana sheria inataka mvinyo wake ukae angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mbao. Hata baada ya hapo bado unadai nyama.

Kwa hiyo mkiwa wengi na mnataka kuonja aina tofauti, msianze na chupa. Ulizeni kinachouzwa kwa glasi, *al calice*, muagize mbili tatu kila kozi na mpokezane. Anzeni na chenye mapovu: Alta Langa ya hapa hapa Piemonte, au Prosecco. Kisha Arneis, mweupe, pamoja na vitello tonnato, nyama ya ndama yenye sosi ya jodari. Agnolotti, tambi zilizojazwa nyama, zikija, Barbera: mwekundu, una uchachu, ukakasi kidogo, na bei yake haiumizi. Ningeambiwa nichague mmoja kwa meza nzima, ningechukua huo.

Dolcetto isikudanganye. Jina linaahidi utamu, mvinyo wenyewe ni mkavu. Waliozoea mvinyo mtamu wa Dodoma wangojee Moscato d'Asti na keki ya mwisho. Kilevi chake ni asilimia 5 hivi. Shangazi yetu hakungoja, aliunywa tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiye aliyefurahi kutuzidi sote.

Ukiona haya kutaja bajeti, weka kidole kwenye bei mojawapo ya orodha, umwambie mhudumu, "Kama huu hapa." Ataelewa. Akikumiminia kidogo kwanza, hakuulizi kama umeupenda. Nusa: mvinyo ukinuka kama boksi lililolowa maji, kizibo kimeuharibu, na ni haki yako kubadilishiwa chupa. Usiponuka hivyo, itikia kwa kichwa amimine.

Kwa ndugu asiyekunywa, kuangalia glasi yake hakutoshi. Brasato nimeshaieleza, risotto al Barolo, wali wa mvinyo huo, nayo jina linajitangaza, lakini zabaglione, krimu tamu ya mayai, huwekewa mvinyo wa Marsala na mgeni asijue. Muulize mhudumu, "*C'è vino?*", yaani kuna mvinyo ndani, kabla ya kuagiza. Kinywaji cha kumpa ni chinotto, soda nyeusi yenye uchungu kidogo.

Kwenye bili mtakuta *coperto*, malipo ya kukaa mezani kwa kila kichwa. Hamjaibiwa, ndivyo mambo yalivyo huku.

Dereva mumchague kabla ya kutoka nyumbani. Kikomo ni gramu 0.5 za kilevi kwa lita ya damu, na mwenye leseni isiyotimiza miaka mitatu haruhusiwi hata tone. Sisi tulirudi kwa tramu, mhitimu kalala begani kwa shangazi, taji limemwangukia puani.