Komiki ya shujaa ikikuchosha, irudie kwa kufuata mwandishi

Ukitaka kuupa nafasi ya pili mfululizo uliokuchosha, usianze tena toleo la kwanza. Mashujaa wengi ni mali ya kampuni na waandishi hupokezana; mara nyingi kilichokukera ni mwandishi, si shujaa. Tazama majina ya waandaaji kwenye kurasa za mwanzo, utafute toleo ambalo mwandishi amebadilika, uanzie hapo.

Chukua Daredevil, mfululizo wa shujaa wa jina hilo kutoka kampuni ya Marvel. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa inasuasua. Frank Miller alianza kuichora katika toleo la 158 (1979), lakini kalamu ya hadithi aliishika toleo la 168 (1981), na humo humo akamwingiza Elektra, muuaji wa kukodiwa aliyewahi kuwa mpenzi wa shujaa. Basi anza na 168. Kisha ruka hadi 227–233 (1986), alipoandika Miller na kuchora David Mazzucchelli: matoleo saba tu, na ndiyo kilele cha mfululizo mzima, ukiniuliza.

Namba huchanganya. Marvel walianza kuhesabu upya 1998, wakarudia 2011, kwa hiyo “Daredevil namba 1” ziko kadhaa. Ukiagiza, taja namba pamoja na mwaka. Matoleo matatu ya mwandishi mpya yakipita bila kukunasa, achana nayo.