Kiungulia cha usiku: usiongeze mto, nyanyua kitanda

Jamani kiungulia tunakipuuza sana, mtu anaamka usiku wa manane kifua kinamuwaka, maji machungu yashamfika kooni, anakunywa maziwa analala tena, na kesho vile vile. Maziwa yanatuliza kidogo tu kisha kinarudi.

Ilivyo ni hivi, pale chakula kinapoingilia tumboni pana msuli unafunga na kufungua kama mdomo wa mfuko wa kamba, ukilegea asidi inapanda, na koo halina ngozi ya kuistahamilia kama tumbo. Ikiwa kinakurudia mara mbili au zaidi kwa wiki basi hayo ni maradhi, yashughulikie.

Anza na saa za kula, masaa matatu kabla ya kulala usitie kitu tumboni. Ramadhani ndo mtihani wenyewe, tunafuturu muhogo wa nazi, sambusa, juu yake juisi ya ukwaju, ukienda tarawehe kila ukisujudu unaona yanapanda mpaka mdomoni. Futuru kidogo, ukirudi ongeza kidogo, na daku liwe jepesi, ukishasali alfajiri usilale chali hapo hapo.

Tena kitanda. Mito mitatu haisaidii, inakukunja kiuno na tumbo linabanwa zaidi. Tia tofali la inchi sita chini ya kila mguu wa upande wa kichwani, kitikise kwanza uone hakichezi, halafu lalia ubavu wa kushoto. Na kanga usijifunge ikakukaba tumbo.

Vyakula kila mtu na chake, mwengine urojo na pilipili zake, mie kahawa ya barazani, kwa hiyo andika ulichokula siku kinapokushika utakijua chako tu.

Omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, inamezwa nusu saa kabla ya kula, wengi wanaimeza kifua kishawaka halafu wanasema haifanyi kazi. Dawa za maumivu kama diklofenaki nazo zinachoma tumbo, mwambie daktari kama unazitumia.

Lakini chakula kikikukwama kooni, ukikonda bila sababu, ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, usikae na vidonge nyumbani, nenda hospitali. Na kifua kikibana huku jasho linakutoka na maumivu yanakwenda mkononi au tayani, huo unaweza kuwa moyo, tafuta gari saa hiyo hiyo.